Tatu, Nne, Sita, Tano

Ukikaa kijiweni Dar es Salaam siku ya mechi, hukosi kumsikia mtu akiuliza habari za kijana mpya aliyesajiliwa: "Huyu anacheza namba ngapi?" Haulizi jezi. Mgongoni kijana anaweza kuwa amevaa 27 au 40. Anachotaka kujua ni mahali, na akijibiwa "namba sita", wote waliokaa kwenye benchi wanaiona ile sehemu ya uwanja iliyo mbele ya mabeki. Kwetu sisi namba imekuwa jina la mahali.

Besiboli ya Marekani ina lugha ya namna hiyo hiyo, ila wenyewe wameiandika. Kwa tarakimu tisa na herufi chache, karani aliyekaa pembeni ya uwanja huuweka mchezo mzima kwenye ukurasa mmoja, na msomaji ambaye hakuwepo, pengine hata hakuwa amezaliwa, anaweza kuufuata mpira kutoka mkono hadi mkono. Nayapenda maandishi haya kwa sababu kila alama ndani yake ina asili, na asili yenyewe ni mtu aliyekuwa na shida fulani, siku fulani, akaitafutia dawa.

Kuna jambo moja linalomkwaza kila anayejifunza kuyasoma. Anza kwenye kituo cha kwanza, upande wa kulia wa mpigaji, kisha tembea kuelekea kushoto ukiwapita walinzi wanne wa uwanja wa ndani mmoja mmoja, huku ukizitaja namba zao. Utasema: tatu, nne, sita, tano. Sita amemtangulia tano. Hakuna aliyekosea kuandika. Ili kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 170, kwa daktari mmoja aliyekuwa akitengeneza mipira kwa mikono yake mwenyewe.

Kwanza tuuone uwanja. Waliocheza raunda shuleni Kenya watapata picha haraka. Kuna vituo vinne vilivyopangwa kama mraba uliosimama kwa pembe yake, na kila upande una urefu wa futi 90, yaani zaidi kidogo ya mita 27. Pembe ya chini ni nyumbani, na hapo ndipo mpigaji husimama na gongo lake. Akiupiga mpira vizuri hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akirudi nyumbani salama timu yake inapata pointi moja. Walinzi tisa wanajaribu kumzuia: waudake mpira kabla haujagusa ardhi, au waufikishe kituoni kabla yake. Timu ikitolewa watu watatu, zamu inahamia upande wa pili. Mchezo una ngwe tisa, kwa hiyo timu ina watu 27 wa kutolewa.

Hao walinzi tisa ndio wenye namba. Mrushaji ni 1. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2. Mlinzi wa kituo cha kwanza ni 3, wa kituo cha pili 4, wa kituo cha tatu 5. Mlinzi asiye na kituo, yule anayesimama kwenye pengo kati ya cha pili na cha tatu na ambaye Wamarekani humwita shotistopu, ni 6. Huko nyuma kwenye majani kuna watatu: kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira ukipigwa kwa shotistopu, naye akaurusha kituo cha kwanza mpigaji akatolewa, karani anaandika 6-3. Hiyo ni sentensi kamili. Ina mtenda, ina tendo, ina mwisho.

Sentensi hiyo ilichukua muda mrefu kuzaliwa.

Kabla ya karatasi kulikuwa na kijiti. Katika kriketi ya Uingereza ya karne ya 18, makarani walikaa kando ya uwanja na kisu mkononi, na kila pointi ilipopatikana walikata chale kwenye mti. Chale ya kumi waliikata kwa kina zaidi ili kuhesabu kuwe rahisi. Kijiti kilisema ni ngapi. Hakikuweza kusema ni nani, wala ilikuwaje.

New York ya miaka ya 1840 ilikuwa imehamia kwenye daftari. Klabu ya Knickerbocker, ambayo sheria zake za 1845 ni miongoni mwa misingi ya besiboli, iliweka kumbukumbu ya michezo yake kwenye vitabu ambavyo vimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya umma ya New York. Kurasa zake ni za kawaida mno: safu ya majina, safu ya mara ambazo mtu alitolewa, safu ya pointi, na nafasi ya maelezo. Katika kumbukumbu ya tarehe 19 Juni 1846, siku ambayo Knickerbocker walichapwa 23 kwa 1, imo faini ya senti 6 aliyotozwa mchezaji aitwaye Davis kwa kutukana. Tunajua basi kwamba Davis alitukana. Lakini pointi zile 23 zilipatikanaje, na nani aliukosa mpira gani, kitabu hakina neno.

Mtu aliyeukataa ukimya huo alikuwa mgeni. Henry Chadwick alizaliwa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1824, akavuka bahari na familia yake mwaka 1837 na kukulia Brooklyn. Kaka yake kwa baba, Edwin, aliyemzidi miaka 24, alibaki Uingereza, na mwaka 1842 alitoa ripoti kubwa kuhusu uchafu, maradhi na vifo katika mitaa ya watu maskini wanaofanya kazi, ripoti iliyosaidia kuleta sheria ya afya ya umma ya mwaka 1848. Mmoja alihesabu vifo na mwingine alihesabu mipira, na mizani haiwezi kulingana. Hata hivyo naona hulka moja kwa ndugu hao: waliamini kwamba jambo likiandikwa kwa uangalifu, kisingizio kinakosa mahali pa kujificha.

Henry alikuwa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka 1856, akitoka kuripoti mechi ya kriketi, alipita Elysian Fields, viwanja vya Hoboken ng'ambo ya mto Hudson, akaikuta timu ya Eagle ikicheza besiboli na timu ya Gotham. Mchezo ulimnasa. Alichokiona upesi ni dhuluma iliyokuwa magazetini: mpigaji alihesabiwa pointi zake, lakini mlinzi aliyedaka mipira mitano migumu hakuandikwa popote. Aliyeuangusha mpira naye alirudi nyumbani akiwa msafi. Chadwick alitaka kila kazi iwe na mwenyewe, na kila kosa pia.

Kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1860, kilichouzwa senti 10, na vile vilivyofuata viliwafundisha wasomaji kuandika mchezo kwa kifupi. Vituo vitatu aliviita A, B na C, na nyumbani H. Kwa matendo alichukua herufi kutoka maneno ya Kiingereza, wakati mwingine ya kwanza, wakati mwingine ya mwisho. Mpira uliodakwa hewani, ambao kwa Kiingereza huitwa "fly", ulipata F. Mpira uliopigwa nje ya mistari, "foul", ulipata L ya mwisho. Siku hizo mtu alitolewa hata kama mlinzi ameudaka mpira baada ya kudunda mara moja. Neno lake ni "bound", likapata D. Na mpigaji aliyekosa mara tatu na kutolewa bila kuugusa mpira, yaani "struck out", alipata K, herufi ya mwisho ya "struck", kwa maelezo kwamba ndiyo inayokaa kichwani kwa urahisi.

Fuata safari ya herufi hizo mbili, D na K, uone jinsi maandishi yanavyoishi na kufa. Katikati ya miaka ya 1860 vilabu vilikubaliana kwamba mpira uliopigwa ndani ya mistari lazima udakwe hewani. Kuusubiri udunde ni kazi ya watoto. Sheria ikaanza kuondoka, na D ikaondoka nayo. K ilibaki kwa sababu tendo lake lilibaki. Leo mashabiki wa New York na Boston hutundika vibao vya K ukutani, kimoja kwa kila mpigaji aliyeshindwa na mrushaji wao. Mwaka 1984, mrushaji Dwight Gooden wa Mets ya New York alipokuwa kijana wa miaka 19, vibao hivyo vilijaa kona nzima ya jukwaa la uwanja wa Shea. Wengi wanaovitundika hawajui kwamba wanatundika uamuzi wa mhariri mmoja wa Brooklyn aliyechagua mkia wa neno badala ya kichwa chake.

Baadaye K ikapata pacha. Mpigaji anaweza kushindwa kwa kupunga gongo na kukosa, au kwa kusimama tu akiutazama mpira wa tatu ukipita, mwamuzi akiuhesabu. Kwa hesabu za jedwali ni kitu kimoja, lakini aliyekuwepo uwanjani anajua si kitu kimoja hata kidogo. Basi makarani huandika K ya kawaida kwa aliyepunga, na K iliyogeuzwa, mgongo kulia na miguu kushoto, kwa aliyesimama akitazama. Kwangu mimi hakuna alama ya mchezo wowote inayosema mengi kwa wino kidogo kama hii.

Chadwick alitumia pia namba 1 hadi 9. Hapa ndipo wasomaji wengi hudhani kazi ilikuwa imekwisha, kumbe haikuwa. Namba zake hazikuwa za mahali. Zilikuwa za watu, kwa kufuata orodha ya kupiga: anayepiga wa kwanza ni 1, wa pili ni 2. Mpigaji akitolewa kituo cha kwanza na mlinzi ambaye ni wa nne kwenye orodha ya timu yake, karani aliandika 4 na A. Kwa aliyekuwa na orodha mkononi ilieleweka. Lakini wa nne wa leo kesho anaweza kuwa wa saba, na wa nne wa timu hii si wa nne wa timu ile. Ni sawa na kumwita jirani kwa nafasi aliyokuwa nayo asubuhi kwenye foleni ya maji: kesho foleni nyingine, jina jingine.

Taratibu, kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, makarani waliihamisha namba kutoka kwa mtu wakaipigilia ardhini. Nne ikawa kituo cha pili, awe anasimama hapo nani, awe anapiga wa ngapi. Naona hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa halina tarehe ya kusherehekewa. Tangu hapo ukurasa ulioandikwa Chicago uliweza kusomwa Boston bila kuomba orodha.

Sasa turudi kwa daktari.

Daniel Adams, ambaye wenzake walimwita Doc, alizaliwa New Hampshire mwaka 1814, akawa tabibu New York na mwanachama wa Knickerbocker tangu 1845. Katika mahojiano aliyoyatoa uzeeni alieleza kwamba miaka ile ya mwanzo hapakuwa na duka la kununua mpira unaofaa, kwa hiyo kwa miaka kadhaa aliitengeneza mwenyewe: vipande vya raba, vikazungushiwa uzi, vikafunikwa ngozi, hadi alipompata fundi Mskoti wa matandiko ya farasi aliyejua ngozi gani inafaa. Mipira hiyo ilikuwa miepesi mno. Mlinzi wa nyuma akiurusha kwa nguvu zake zote haukufika hata futi 200, kama mita 60. Ukitua nyuma ya uwanja, mtu mmoja hakuweza kuurudisha kwa mrushaji kwa mtupo mmoja.

Basi mnamo 1849 au 1850 Adams alijitoa akasimama katikati ya walinzi wa nyuma na wale wa vituo, awe wa kupokezana: anautoa mpira mikononi mwa mlinzi wa nyuma na kuufikisha ndani. Hakuwa na kituo cha kulinda. Alitembea. Alikwenda mpira ulikokwenda. Hiyo ndiyo asili ya shotistopu.

Mpira ulipokuja kuwa mzito na mgumu zaidi, walinzi wa nyuma walipata nguvu ya kuufikisha wenyewe, na safari za mtu wa kati zikapungua. Akasogea ndani, akatulia kwenye pengo la kushoto, kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako wapigaji wengi wa mkono wa kulia hupeleka mpira. Dickey Pearce wa klabu ya Atlantic ya Brooklyn ndiye anayetajwa zaidi kwa kuifanya nafasi hiyo iwe kama tunavyoijua. Lakini kwenye orodha desturi ilikuwa imekwisha kukomaa: kwanza wale wawili wanaoanza kila mpira, kisha wenye vituo kwa mpangilio wa vituo, kisha yule asiye na kituo, kisha watu wa nyuma. Tatu, nne na tano ni wenyeji wenye nyumba. Sita alikuja baada yao, hana nyumba, akapewa namba iliyofuata. Miguu yake ilihamia kati ya nne na tano, namba yake ikabaki palepale. (Adams huyo huyo aliongoza mkutano wa vilabu wa mwaka 1857, uliokubali wachezaji tisa, ngwe tisa na futi 90 kati ya vituo. Jina lake bado halijulikani inavyostahili.)

Namba za Chadwick za foleni nazo hazikufa kabisa, zilihamia mgongoni. Mwaka 1929 Yankees ya New York ilipoanza kuvaa namba kwenye jezi, iliwapa wachezaji wake kwa mpangilio wa kupiga. Babe Ruth alikuwa anapiga wa tatu, akavaa 3. Lou Gehrig alimfuata, akavaa 4. Lakini kwenye karatasi ya karani, 3 alikuwa Gehrig, kwa maana alilinda kituo cha kwanza, na Ruth mara nyingi alikuwa 9, nyuma kulia. Msomaji anayeanza na akachanganya namba za mgongo na namba za mahali asijilaumu. Ni mifumo miwili ya zama mbili iliyovaliwa siku moja na watu wale wale.

Karatasi haikubaki kwa makarani peke yao. Mwingereza mwingine, Harry Stevens, alianza mwaka 1887 huko Columbus, Ohio, kuuza kadi zenye majina ya wachezaji na visanduku vya kujaza, na biashara hiyo ikamfikisha kwenye viwanja vikubwa vya New York. Kwa senti chache shabiki alipata kadi na penseli, akawa karani wa mchezo wake mwenyewe. Mtoto aliyekaa na babu yake jukwaani alijifunza 6-4-3 kabla ya kujifunza kugawanya: shotistopu kwa kituo cha pili kwa kituo cha kwanza, watu wawili wametolewa kwa mkupuo mmoja. Wakati Chicago ilipokuwa na Tinker, Evers na Chance, mshairi wa gazeti Franklin P. Adams aliyaimba majina hayo matatu mwaka 1910. Karani aliyaandika kwa tarakimu tatu.

Na si wote waliokaa kwenye kiti cha karani walikuwa wanaume, ingawa ligi ilidhani hivyo. Tangu 1882 hadi 1891 karatasi rasmi za White Stockings ya Chicago zilifika zikiwa na saini ya E. G. Green. Aliyeziandika alikuwa Eliza Green Williams. Alikaa jukwaani pamoja na wake wa vigogo wa klabu, penseli mkononi, na wachezaji ambao makosa yao aliyahesabu hawakujua ni yeye.

Kuhesabu makosa ndiyo kazi nzito ya karani rasmi. Mpira ukimponyoka mlinzi, yeye ndiye anayeamua: je, ulikuwa mgumu kiasi kwamba mpigaji anastahili sifa, au mlinzi wa kawaida angeudaka? Akiona ni kosa anaandika E, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kosa, na namba ya mahali. E6 ni kosa la shotistopu. Alama hiyo inaweza kumfuata mtu hadi kaburini.

Mfano wake ninaourudia mara nyingi ni wa Brooklyn, tarehe 5 Oktoba 1941, mchezo wa nne wa fainali ya Marekani kati ya Dodgers na Yankees. Ngwe ya tisa, Yankees wametolewa wawili, Dodgers wanaongoza 4 kwa 3. Mpigaji ni Tommy Henrich, ana straiki mbili, yaani amekosa mara mbili. Mrushaji Hugh Casey anarusha, Henrich anapunga, anakosa. Mchezo umekwisha. Askari wanaanza kusogea kuwazuia watu wasivamie uwanja. Lakini mpira umempita mdakaji, Mickey Owen, umebingirika nyuma, na sheria inasema straiki ya tatu isiyodakwa, wakiwa wametolewa wawili, inampa mpigaji ruhusa ya kukimbia. Henrich alikimbia, akafika kituo cha kwanza salama. Karani akaandika K, kwa sababu mrushaji alimshinda mpigaji, na hapo hapo akaandika E2, kwa sababu mdakaji alimpoteza. Alama mbili zinazopingana kwenye kisanduku kimoja, na zote ni kweli. Baada ya hapo DiMaggio akapiga, Keller akapiga, na Yankees wakashinda 7 kwa 4. Owen alikuwa mdakaji hodari msimu ule wote, lakini watu wengi waliobaki na jina lake wanalo kwa ajili ya zile alama mbili za E na 2.

Nguvu ya lugha hii ilionekana pia pale ambapo hapakuwa na macho kabisa. Miaka ya 1930 vituo vingi vya redio havikuwa na uwezo wa kumpeleka mtangazaji kwenye kila mechi. Mwendeshaji wa telegrafu uwanjani alituma vifupisho kwa waya, na mtangazaji aliyekaa studio mamia ya kilomita kutoka hapo alivinyoosha vikawa vumbi, kelele na jasho. Ronald Reagan, miaka mingi kabla ya urais, aliifanya kazi hiyo Des Moines, Iowa, akitangaza mechi za timu ya Cubs ambazo hakuziona. Aliwahi kusimulia siku waya ulipokatika hewani: alimfanya mpigaji apige mipira ya nje ya mistari mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa huo ndio mpira usioingia kwenye matokeo, hadi waya uliporudi.

Karatasi nyingi zilipotea, nyingine zilibaki kwenye masanduku ya vilabu, ya magazeti na ya familia. Mwaka 1989 Dave Smith, mwalimu wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, alianzisha Retrosheet, kazi ya watu wa kujitolea wanaozitafuta, kuzinakili na kuziingiza kwenye kompyuta mchezo kwa mchezo. Herufi na tarakimu wanazotumia ni zile zile zilizonyooshwa kidogo, na kompyuta inazisoma bila taabu.

Zimevuka mipaka pia. Mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, mashariki mwa Kampala, walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Karani hakuhitaji kujua Kiganda. Shotistopu wa Lugazi alikuwa 6.

Nimeuacha mwisho ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Ni wa tarehe 8 Oktoba 1956, Yankee Stadium, mchezo wa tano wa fainali, Dodgers tena na Yankees tena. Upande wa Yankees mrushaji ni Don Larsen. Ukiutazama ukurasa wa Dodgers kwa mbali unaona kitu cha ajabu: hakuna mstari hata mmoja wa mtu aliyefika kituo cha kwanza. Visanduku 27, watu 27 waliotolewa.

Isogelee ngwe ya pili. Mpigaji wa kwanza ni Jackie Robinson, mtu mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947, sasa ana miaka 37 na yuko kwenye msimu wake wa mwisho. Kisanduku chake kinasema 5-6-3. Tano ni Andy Carey, kituo cha tatu. Mpira wa Robinson ulikuja kwa kasi, ukagonga glavu yake ukaruka. Aliyetarajiwa kuandikwa baada ya tano ni tatu, kwa mtupo wa moja kwa moja. Katikati yao imeingia sita: Gil McDougald, shotistopu, alikuwa ameelekea ulikokwenda mpira, akaupokea ulipomponyoka mwenzake, akautupa kituo cha kwanza ukamwahi Robinson kwa hatua moja. Alifanya kile alichokifanya Doc Adams zaidi ya miaka 100 kabla: kuupokea mpira ambao mwenzake hakuweza kuufikisha. Bila tarakimu hiyo ya katikati, ukurasa ungekuwa na mstari wa mtu aliyefika kituo cha kwanza.

Ngwe ya tano, kwenye kisanduku cha Gil Hodges, imeandikwa F8. Ukipita haraka ni mpira wa juu tu uliodakwa na mlinzi wa katikati. Mlinzi huyo ni Mickey Mantle, aliyekimbia hadi kwenye majani ya mbali kushoto na kuudaka kwa mkono ulionyooka. F8 haisemi alikimbia kiasi gani. Hilo lugha hii haiwezi, na wazee waliokuwepo walilazimika kulisema kwa midomo yao.

Ngwe ya tisa, Yankees wakiongoza 2 kwa 0. Carl Furillo, F9. Roy Campanella, 4-3. Akaingia Dale Mitchell kupiga badala ya mrushaji. Straiki mbili. Larsen akarusha, Mitchell akaanza kupunga, akajizuia, na mwamuzi Babe Pinelli akauinua mkono. Mitchell aligeuka kulalamika, lakini Pinelli alikuwa anaondoka tayari na mdakaji Yogi Berra alikuwa amekwisha kumrukia Larsen kifuani. Kwenye karatasi kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja. Karani aliandika K, akaigeuza.